Boljointi za 555 kwenye Impreza WRX, na mzee wa Gerezani aliyezifunga

Nianze na bei, maana najua ndilo swali la kwanza. Boljointi za mbele (vifundo vya chini vya tairi), chapa 555, duka la Mtaa wa Shaurimoyo, Kariakoo, Dar es Salaam: shilingi 75,000 kila moja. Ufundi pande zote mbili, 50,000. Alaimenti (kunyoosha tairi), sehemu nyingine kabisa, 30,000. Jumla 230,000. Wapo watakaosema nimepigwa, kwa sababu hapohapo Kariakoo boljointi ya Impreza inauzwa 25,000, na ukiwa na mdomo unashushiwa tena. Ni kweli ipo. Niliishika kwa mkono wangu nikairudisha kaunta, na sababu nitazieleza.

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX ya 2004, bodi GDA, injini EJ20 yenye turbo, gia za kuingiza mwenyewe, rimu za inchi 17. Nililinunua kwa kaka yangu. Kaka ni wa kizazi kile kilichokuwa kinafuatilia Safari Rally ya Kenya kama wengine wanavyofuatilia Simba na Yanga. Colin McRae alivyoshinda na Impreza mwaka 1997, Richard Burns naye 2000, anakusimulia mpaka leo bila kuulizwa. Kwa hiyo gari lilitunzwa vizuri sana kwenye injini, huku chini likaachiwa Mungu. Wanaume wengi wa Subaru nimewaona hivyo. Atakueleza turbo, atakueleza bomba la moshi, atakufungulia boneti uone mabomba yanavyong'aa. Muulize mara ya mwisho alilala lini chini ya gari akaangalia raba za boljointi, anabadilisha mada.

Dalili zilikuwa hivi. Ko! moja, kavu, mbele kushoto, kila nikipanda tuta taratibu huku nimekata usukani kidogo. Kwenye mwendo, kimya. Halafu gari likaanza kuhamahama barabarani, hasa sehemu ambazo malori yameichimba lami ikawa na mifereji: tairi linaingia kwenye mfereji, usukani unakwenda nalo. Nikikanyaga breki kwa nguvu, linavuta upande kidogo kisha linaachia. Na tairi la kushoto lilikuwa limeanza kuliwa ndani huku la kulia likiwa bado lina meno sawasawa.

Fundi wa kwanza, jirani na ninapoishi huku Goba, aliegemea fenda, akaisukuma mara mbili, akasikiliza, akatoa hukumu: shokapu zote nne. Halafu akaniuliza kama mzee nyumbani ana taarifa. Nikamuuliza mzee gani, gari ni langu. Akacheka. Nikamwachia hela ya soda nikaondoka na shokapu zangu, ambazo mpaka sasa hivi ziko kavu, hazivuji hata tone.

Gerezani (mtaa wa Dar, si jela) nilielekezwa na mfanyakazi mwenzangu mwenye Forester. Jina la huyo mzee silitaji kwa sababu aliniomba nisilitaje. Anasema kazi alizonazo zinamtosha na akitajwa mitandaoni watakuja watu wa kuuliza bei tu. Si gereji ya vigae na mashine. Ni uwanja wa mchanga uliolowa oili, banda la mabati, kontena la kufungia vifaa, na magari yaliyobanana kiasi kwamba kutoa moja lazima usogeze mawili. Ila huyu mzee kazi yake ni miguu ya magari na si kitu kingine. Injini hagusi. Umeme hagusi. Ukimwambia taa ya check engine imewaka anakuonyesha kwa kidole gereji ya jirani.

Alivyopima ndivyo alivyonipata. Alipandisha gari kwa jeki kwenye chesisi, si kwenye amu ya chini (mkono wa chuma unaoshika tairi kwa chini), tairi likabaki linaning'inia. Akalishika juu na chini, akalitikisa: likacheza. Akamwita kijana wake akae ndani akanyage breki, akalitikisa tena: bado linacheza. Hapo akanigeukia akasema, "Beringi nzima, mama. Ingekuwa beringi, breki ingelishika lisicheze." Kisha akapitisha mtaimbo chini ya tairi, akawa analinyanyua kidogo na kuliachia, kidogo na kuliachia, na kuniambia niingize mkono kwa ndani niweke kidole pale boljointi inapokutana na chuma kinachobeba habu, yaani kitovu cha tairi.

Nikaweka. Kila akinyanyua mtaimbo nasikia kitu kinagonga ncha ya kidole, tk, tk, kama milimita mbili hivi. Raba yake ilikuwa imechanika upande wa nyuma ambako huoni ukichungulia kwa mbele, na grisi iliyobaki ndani ilikuwa imegeuka uji wa kahawia, mchanga na maji. Ndiyo hadithi ya jiji hili kwa ufupi. Mvua zikinyesha unapita kwenye maji ya Jangwani kabla hawajafunga barabara, maji yanaingia kwenye raba iliyochanika, yanatoka na grisi, yanaacha vumbi. Baada ya hapo chuma kinasaga chuma.

Kwa asiyejua boljointi ni nini: ukishakula supu ya makongoro umeshaiona. Ni kifundo cha mviringo ndani ya kikombe, kinachoruhusu tairi lipande na kushuka na hapohapo likate kona. Kwenye Impreza ziko mbili mbele, moja kila upande, zinaunganisha amu ya chini na kile chuma cha habu. Na hapa kuna jambo ambalo watu wa Altezza na Mark X wakilisoma waelewe kwamba si lao. Magari yao mbele yana amu mbili, ya juu na ya chini, na uzito wa gari unashuka kupitia springi hadi kwenye amu ya chini, kwa hiyo boljointi ya chini inabeba mzigo muda wote. Yao ikichoka, kuipima lazima uweke jeki chini ya amu yenyewe ili mzigo utoke kwenye boljointi, la sivyo imebanwa na haionyeshi kitu. Impreza ina shokapu inayosimama na springi yake juu, uzito unapita humo moja kwa moja hadi kwenye habu. Boljointi haibebi gari, inazuia tu tairi lisikimbie kwa chini. Ndiyo maana inaweza kuchoka sana na gari likaendelea kutembea bila kelele kubwa, na ndiyo maana fundi wa kusukuma fenda hatakaa aione.

Haibebi mzigo, lakini usimwamini anayekwambia kwa sababu hiyo unaweza kuendelea nayo. Ikichomoka, chini ya tairi panafunguka kwenda nje, draivu shafti inavutwa mpaka inatoka kwenye nyumba yake, na mbele ya gari inaanguka. Ukiwa Goba kwenye tuta utaita winchi. Ukiwa unashuka mlima Kitonga na lori la Tunduma nyuma yako, sitaki hata kuandika.

Sasa dukani. Mzee alinituma ninunue mwenyewe, na hilo nampa alama, kwa sababu mafundi wengi wanachukua hela yako wanakwenda kununua wao na huoni kilichonunuliwa kimetoka wapi. Alinipa boljointi ya zamani mkononi baada ya kuitoa? Hapana, alinipa ya kwake iliyochakaa aliyoitunza kwenye kontena kama sampuli, akasema, "Nenda na hii. Wakikuletea isiyofanana na hii, rudi."

Kaunta waliniwekea tatu.

Ya kwanza ilikuwa hiyo ya 25,000. Boksi lina picha nzuri, lina bendera ya Japani, na jina linalokaribiana sana na jina la kampuni moja kubwa isipokuwa herufi moja. Niliishika msumari wake wa chini, ule mguu unaotoka kwenye kifundo, nikauzungusha. Ukazunguka kama kichwa cha mwanasesere (samahani wauzaji, ndivyo ulivyokuwa), bila ukinzani wowote, na ukiusukuma pembeni unasikia nafasi ndani. Boljointi mpya inapaswa kuwa ngumu, uisogeze kwa nguvu ya kiganja na isogee kwa ulaini bila kukwamakwama. Raba yake nyembamba, pete ya kuibana chini imekaa upande. Na ile shingo nene inayoingia kwenye chuma cha habu ina mfereji wa kupitishia bolti ya kubana. Kwenye hii mfereji ulikuwa na makapi ya chuma ambayo hayakusafishwa. Muuzaji akasema, "Ni ileile tu dada, tofauti jina." Basi nami nikamwambia anipe yenye jina.

Ya pili ya mtumba, imetoka Japani na gari lililokatwa, Subaru halisi, 40,000. Hii inavutia watu na naelewa kwa nini, maana kitu cha kiwandani ni cha kiwandani. Lakini boljointi si mlango. Mlango wa mtumba unaona ulivyo. Boljointi imefungwa, huoni ndani, hujui imetembea kilomita ngapi, na kama gari lilitoka kaskazini mwa Japani kwenye theluji, barabara za huko zinamwagiwa chumvi na shingo yake ilikuwa na madoa ya kutu yaliyokula chuma. Kwa taa, kioo, rimu, mlango, hata gia boksi, mimi ni mtu wa mtumba. Kwa hii, hapana.

Ya tatu ni 555, inayotengenezwa na Sankei ya Japani. Ngumu mkononi, inasogea kwa ulaini uleule pande zote. Raba nene, pete mbili zimekaa vizuri juu na chini. Chapa imepigwa kwenye chuma chenyewe, haikubandikwa. Ndani ya boksi nikakuta nati mpya ya taji (yenye meno) na kotapini mpya (pini ya kuizuia isilegee). Kushoto na kulia kwenye Impreza ni boljointi moja, kwa hiyo usikubali kuuziwa "ya kushoto" kwa bei tofauti; nimesikia imemtokea mtu. Duka lilinipa risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) bila kuombwa, na kwa Kariakoo hilo peke yake lina nyota yake.

Kaka alipoona boksi alifurahi kuliko mimi, akidhani ni 555 ileile iliyokuwa ubavuni mwa Impreza za bluu za rali. Hazina uhusiano. Ile ya rali ilikuwa sigara, State Express 555, ndiyo iliyokuwa inadhamini timu ya Subaru miaka ya tisini. Hii ni kiwanda cha boljointi na tairodi (fimbo za usukani). Nilimwacha afurahi.

Tahadhari kuhusu chapa hii: kwa sababu inaaminika, inaigwa sana. Mimi nilipima kwa mkono na kwa macho, na nilinunua duka ambalo lipo palepale kila siku na linatoa risiti. Ukiona 555 inauzwa nusu ya bei kwenye meza ya barabarani, hujapata bahati.

Tuje kwenye kazi. Upande wa kulia ulikuwa mwepesi. Kwanza alifungua linki za stebilaiza (vifimbo vinavyoshika ile fimbo ya kuzuia gari lisilale kwenye kona), na nilipomuuliza kwa nini akasema ukipandisha upande mmoja tu, ile fimbo ya stebilaiza inavuta amu juu na utapigana nayo bure. Akatoa kotapini, akalegeza nati ya chini, lakini hakuitoa yote. Aliiacha ishike nyuzi chache ili amu isije ikaruka. Halafu nyundo. Hapa ndipo ningependa mafundi wengine waangalie. Hakupiga boljointi. Hakuchukua ile uma ya chuma inayochomekwa katikati na kupigwa, ambayo inatatua tatizo kwa kupasua raba. Alipiga ubavu wa amu yenyewe, pale msumari unapopita, mapigo machache ya uhakika, na msumari ukaachia wenyewe kwa mtetemo. Bolti ya kubana akaitoa yote, kwa sababu inapita kwenye mfereji wa shingo na bila kuitoa yote boljointi haitoki hata ufanyeje. Mtaimbo juu ya amu, akaikandamiza chini, boljointi ikashuka. Ameimaliza.

Upande wa kushoto ndio uliotafuna siku. Kushoto kwetu ndiko kwenye bega la barabara, ndiko kwenye mitaro, madimbwi na mashimo, na upepo wa bahari haujawahi kusaidia bolti ya mtu. Nati ya chini ilitoka. Bolti ya kubana ilitoka kwa shida na mlio mbaya. Boljointi ikagoma. Imeshikana na chuma cha habu kama vimeyeyushwa pamoja.

Kijana wake akaja na nyundo ya kilo nyingi na uso wa mtu aliyekuwa anaisubiri nafasi hii. Mzee akamwambia, "Weka chini. Hiyo utapasua sikio la habu, utamlipa mama habu?" Akanyunyizia mafuta ya kutu, akaondoka. Akaenda kufunga shokapu ya Noah. Akarudi, akanyunyizia tena, akaenda kunywa chai. Mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki, nimesoma kila kitu kwenye simu, chaji inaisha.

Niliuliza kwa nini asipashe moto, maana gereji ya jirani walikuwa na mtungi wa gesi na nimeona wengi wanafanya. Akanionyesha kwa ncha ya bisibisi: waya wa ABS wa breki unapita hapa, raba ya CV (jointi ya draivu shafti) iko hapa, grisi ya beringi iko ndani hapa. "Moto unatoa boljointi moja unaharibu vitu vitatu." Alichofanya ni kuchukua tindo nyembamba, akaigonga taratibu kwenye ule mwanya ambao bolti ya kubana huufunga, ukafunguka kiasi cha unene wa kucha. Mafuta tena. Kisha akashika boljointi ya zamani kwa renchi ya bomba na kuanza kuizungusha kushoto kulia, kushoto kulia, bila kuivuta. Kwanza haikusogea. Halafu ikatoa unga mwekundu. Halafu ikazunguka robo. Kijana alipoona inazunguka akatabasamu kana kwamba yeye ndiye aliyeshauri.

Tundu alilisafisha kwa brashi ya waya mpaka chuma kikaonekana cheupe, akapaka grisi kiduchu, akaingiza ya 555 kwa mkono, bila nyundo, mpaka mfereji ukalingana na tundu la bolti. Bolti ya zamani ya kushoto nyuzi zake zilikuwa zimeliwa. Alimtuma kijana aninunulie mpya, ya ugumu uleule, na aliikagua namba iliyo kichwani kabla hajaifunga.

Kisha ikaja sehemu iliyonifanya nianze kuandika haya yote. Alikwenda kwenye kontena akatoa kitu kilichofungwa kwenye khanga kuukuu. Tokirenchi, renchi inayopima nguvu ya kukaza. Gerezani, kwenye mchanga, mzee wa umri ule, ana tokirenchi, na anaitunza kuliko simu yake. "Hapa kilo nne, kule kilo tano." Kilo nne ni nati ya taji kwenye amu, ambayo ni Nm (nyutoni-mita) 39, kilo tano ni bolti ya kubana, Nm 49. Nilikuwa nimesoma maelezo ya kiwanda usiku wa kuamkia, na ni hivyohivyo. Baada ya kufika kilo nne, tundu la kotapini halikulingana na meno ya nati, akaongeza kidogo kwa mbele mpaka likalingana. Kijana alishauri alegeze kidogo irudi nyuma ingekuwa rahisi zaidi. Mzee hakumjibu. Nati ile hairudishwi nyuma. Ukiirudisha msumari unabaki na nafasi kwenye tundu lake na utalila tundu la amu, na hapo utanunua amu.

Kitu kingine alichokifanya kwa kutokukifanya: hakugusa bolti mbili kubwa zinazoshika shokapu kwenye chuma cha habu. Ya juu kati ya hizo ndiyo inayorekebisha mlalo wa tairi kwenye Subaru, na fundi anayetoa mguu mzima ili afanye kazi mezani anakurudishia gari lenye tairi zilizolala hovyo. Huyu alifanya kazi chini ya gari, kwa mgongo wake.

Sitaki kuficha kitu, basi na mabaya nayaweka. Stendi za jeki anazo chache kuliko magari anayopandisha. Langu alitaka kulilaza juu ya gogo na tairi la akiba. Nilikataa, nikasubiri mpaka stendi itoke chini ya Noah. Usione haya kukataa. Mchanga: kijana aliweka boljointi mpya chini bila hata gazeti, na upepo wa mchana unapeperusha vumbi kwenye kila kilicho wazi. Mzee alimkaripia, ila ingefaa kuwe na meza. Choo ni cha jirani, unaomba ufunguo. Risiti hakuna, malipo kwa simu na neno lake. Na muda: usimwambie mtu uko njiani unarudi. Kama upande wako umeshika kutu, siku imekwisha, na mzee hafanyi haraka kwa sababu una kikao.

Alaimenti hana mashine yake, na hakuniambia nikaipime mpaka nilipouliza. Kinadharia ukibadilisha boljointi peke yake vipimo havihami sana, lakini tairi langu lilikuwa limeshaliwa, kwa hiyo nililipeleka. Karatasi ya mashine ilionyesha tairi za mbele zinatazamana kwa nje kuliko inavyotakiwa, wakarekebisha kwenye tairodi, basi.

Matokeo. Ko! imekwisha kabisa. Nimelipeleka Iringa na kurudi, mvua ikinyesha nusu ya njia, matuta na rasta za Mikumi zote, na Kitonga kwa kupanda na kushuka. Usukani umerudi katikati na unakaa katikati. Kwenye ile mifereji ya malori gari bado linaihisi, ni gari gumu la chini na tairi pana, litaihisi tu, lakini halihami tena njia bila ruhusa yangu. Breki linasimama mstari mmoja. Kona za Kitonga, ambazo safari iliyopita nilizikata kama mtu anayebeba mayai ya mwenye duka, safari hii nilizikata kama Subaru.

Baada ya ko! kuondoka nikaanza kusikia mlio mwingine mdogo uliokuwa umefunikwa, kama njuga, kwenye changarawe. Linki za stebilaiza, nilipimiwa na mzee huyohuyo bure. Anasema hizo zinaweza kusubiri mshahara, na namwamini kwa sababu angeweza kuniuzia kazi siku ileile.

Tangu zifungwe nimezichungulia kila nikimwaga oili: raba kavu, hazijachanika, hakuna grisi inayotoka, hakuna mchezo ukipiga mtaimbo. Hizi hazina chuchu ya kupigia grisi, kwa hiyo hakuna cha kuzifanyia zaidi ya kuzitazama. Ukiona raba imechanika badilisha wakati huo, usisubiri sauti.

Kwa wenye Forester na Legacy za miaka hiyo: umbo ni hilohilo na magari mengi yanachangia, lakini peleka namba ya chesisi dukani wakulinganishie, usinunue kwa maneno yangu. Wenye STI (Impreza kali zaidi) yenye amu za aluminiamu wawe waangalifu mara mbili na nyundo, maana ule ufundi wa kupiga ubavu wa amu niliousifu hapo juu ni wa amu ya chuma.

Boljointi za 555 nazipa tano kati ya tano. Mzee nampa nne; moja ameipoteza kwenye lile gogo. Ukitaka kumpata, nenda Gerezani asubuhi, kabla jua halijawa kali, ulizia mzee wa miguu mwenye kontena la bluu. Ijumaa mchana hayupo. Na ukienda, nenda na spea yako mkononi na risiti yake, kwa sababu kitu cha kwanza atakachofanya ni kuuzungusha ule msumari kwa vidole viwili, na akiona unazunguka bila ukinzani atakurudishia hapohapo uirudishe dukani.